Maandazi ya Pete kwa Ajili ya Antje

Gerlinde alitoa pete ya mwisho kwenye mafuta, akaiweka juu ya waya pamoja na wenzake, akasimama kuitazama ikifa. Ndivyo alivyoona yeye: inakufa. Ilitoka imevimba, rangi yake ya dhahabu, mistari ya nyota imejipanga vizuri kuizunguka, na kabla hajasema ahsante ikashusha pumzi, ikalala bapa kama soksi iliyovuliwa.

Volkmar, mumewe, alichukua moja, akatafuna kwa muda mrefu.

"Nzuri," akasema.

"Sema kweli."

"Inatafunika."

Gerlinde akavua aproni, akaketi. Ilikuwa Jumatano, na Jumamosi Antje alikuwa anaolewa. Lakini hofu yake haikuwa Jumamosi. Mambo ya Jumamosi yangekuwa mikononi mwa mchungaji na mpishi wa hoteli. Hofu ilikuwa Ijumaa, jioni ya kuvunja vyombo. Katika mji ule mdogo karibu na Eberswalde, mkesha wa harusi jirani haalikwi, anakuja tu. Anakuja na vikombe vyake vya kauri vilivyopasuka, sahani zisizo na wenzake, bakuli alizopewa na mtu asiyempenda, anavipiga chini mbele ya mlango wa kina bibi harusi kwa furaha yote. Kioo ni marufuku, kioo ni nuksi. Bwana na bibi harusi wanafagia vigae pamoja, wao wawili tu, na nyumba inalisha kila aliyekuja. Usipolisha watu vizuri siku hiyo, utasikia habari zako mpaka wajukuu.

Na Antje alikuwa ameomba kitu kimoja. Aliomba kwenye simu, haraka haraka, katikati ya habari za viti. "Watu watakula chochote mtakachowapa, Gerlinde. Ila nikipata zile pete, kama zamani nyumbani, nitafurahi sana." Kisha akarudi kwenye viti.

Gerlinde alielewa ni zamani ipi. Pete zile, maandazi ya unga uliosongwa motoni kisha ukakamuliwa kwa mfuko wenye mdomo wa nyota, zilikuwa za Marlis, mama yake Antje. Marlis alifariki mtoto akiwa na miaka mitano. Gerlinde aliolewa na Volkmar miaka miwili baadaye, akaingia nyumba ile kwa kunyata. Mama wa kambo hasifiwi popote duniani, na yeye alikuwa amesikia hadithi zote. Akajiwekea sheria: cha marehemu hakiguswi. Hakubadilisha mapazia, hakuhamisha kabati, hakukaanga pete. Alipika vyake, supu zake na keki zake za zambarau, na Antje alikula, akashukuru, akakua. Alimwita Gerlinde kwa jina, kama wanavyofanya watoto wengi wa huko, na hakuwahi hata siku moja kumfokea. Mara nyingine Gerlinde alitamani angefoka. Mtoto anayekufokea si amekuzoea?

Alimpenda, basi. Alimpenda tangu wiki ya kwanza, alipomkuta amelala na viatu ili asichelewe shule. Na sasa binti anaondoka, kaomba kitu kimoja tu, kitu chenyewe kimelala bapa juu ya waya.

"Kwa nini usimuulize Roswitha?" Volkmar akasema, bila kumtazama.

Roswitha alikuwa dada mkubwa wa Marlis, anakaa nyuma ya kanisa, mwendo wa kumaliza wimbo mmoja. Tangu harusi ya pili ya shemeji yake hakuwa amekanyaga nyumba ile. Antje alikwenda kwake, yeye hakuja. Akikutana na Gerlinde dukani, alimwinamishia kichwa kidogo hivi, kama mtu anayekubali kwamba mvua inanyesha.

Alhamisi asubuhi Gerlinde alijikaza, akaenda. Alimkuta Roswitha uani, amekaa kwenye kigoda, anamenya mashina ya mboga ya asparaga kwenye ndoo. Hakuinuka.

"Mmekosa viti?" Roswitha akauliza.

"Viti vipo. Nimekosa akili. Nataka kumkaangia Antje pete, zinanilalia."

Kisu kikaendelea kumenya. "Unausonga unga mpaka sufuria ifanye utando chini?"

"Nausonga."

"Unauacha upoe kabla ya mayai?"

"Nauacha."

"Yai moja moja?"

"Roswitha, mimi si mtoto."

"Basi unazigeuza mapema. Na mfuniko unaufunga kwa muda gani?"

"Mfuniko gani?"

Kisu kikasimama. Roswitha akainamia ndoo, akaziambia asparaga, "Mnamsikia? Anakaanga bila mfuniko."

"Mfuniko juu ya mafuta ya moto? Si nitachoma nyumba?"

"Mafuta yawe kidogo, sufuria iwe ndefu, akili iwepo. Unafunga upande wa kwanza tu, zivimbe kwa mvuke wake zenyewe. Zikishajiweza, unafungua, unageuza. Wewe unazifunulia zikiwa changa, zinapata baridi, zinanyong'onyea. Hata mimi ningenyong'onyea."

Gerlinde akashukuru, akageuka kuondoka. Alikuwa amepata alichofuata.

"Unakwenda wapi?" Roswitha akamwita. "Unadhani mkono unafundishwa kwa mdomo? Nitakuja kesho." Kisha, kwa sauti ya chini na yenye hasira kidogo: "Miaka yote hii nimesubiri uje uniombe kitu. Chochote. Hata chumvi."

"Nilidhani hutaki kuniona."

"Sikutaka. Lakini ungekuja."

Hivyo ndivyo walivyo baadhi ya watu, wanakufungia mlango halafu wanakasirika kwamba hubishi hodi. Gerlinde alirudi nyumbani akicheka peke yake barabarani, na alipomweleza Volkmar, mzee akatoka nje kwenda kutengeneza baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Ijumaa mchana Roswitha akaja. Alikuja na aproni yake, mfuniko wake, na kitu kikubwa bapa kimefungwa magazeti. Kizingitini alisita. Volkmar akamwambia, "Karibu, shemeji," naye akaitikia kwa kukohoa. Alipoingia jikoni jambo la kwanza alilotazama ni dirisha.

"Mapazia ni yaleyale!"

"Sikuyagusa," Gerlinde akasema, na alisema kwa fahari, maana alikuwa ameyafua kwa mkono na kuyapiga pasi kila majira ya kuchipua, kama vazi la kanisa. "Ni ya Marlis."

"Marlis aliyachukia! Alipewa na mama mkwe. Alikuwa anangoja tu apate sababu ayafanye matambara."

Gerlinde akamtazama Volkmar. Volkmar akatazama dari. "Hukuuliza," akasema.

Wanawake wale wawili wakaanza kucheka. Walicheka mpaka Roswitha akaketi, akajipepea kwa ule mfuniko wake, na kucheka kule kukafanya kazi ambayo heshima ya miaka yote ile haikuweza.

Wakaanza kazi. Maji, siagi na chumvi vikachemka, Gerlinde akamwaga unga wote kwa pamoja, akausonga kama mtu anayesonga ugali wa harusi, mpaka ukajikusanya donge moja na kuacha utando mweupe chini ya sufuria. Ulipopoa, mayai yakaingia, moja baada ya jingine, mpaka unga ukawa unaning'inia kwenye mwiko na kuanguka kwa uvivu. Roswitha hakumsaidia hata kidogo. Alisimama nyuma yake akisema "bado", na "bado", na "sasa". Gerlinde akakamua pete juu ya vipande vya karatasi iliyopakwa mafuta, akazitumbukiza kichwa chini, akazivua karatasi, akafunga mfuniko.

"Mkono nyuma," Roswitha akasema.

"Nataka kuchungulia tu."

"Mkono nyuma, wewe mwanamke!"

Ndani ya sufuria kulikuwa kukivuma. Gerlinde alisimama na mikono nyuma kama mtoto aliyeadhibiwa, jasho linamtoka. Hakuwa mtu wa sala nyingi, lakini kama kuna sala ya maandazi, aliisali. Roswitha akafunua, akazigeuza kwa kijiti, akasubiri, akazitoa. Zilikuwa kubwa, nyepesi, zimejaa, na zilipokaa juu ya waya hazikushusha pumzi. Wakasubiri. Hazikushuka.

"Ahsante," Gerlinde akasema. Akaona halitoshi, akarudia lilelile. "Ahsante, Roswitha."

"Kaanga," Roswitha akajibu. "Watu wanakuja."

Wakakaanga mpaka meza ikajaa, kabati likajaa, hata kiti cha Volkmar kikawekewa waya. Sukari ya unga ikakorogwa na maji ya limau, pete zikachovywa zingali moto. Ndipo Roswitha akafungua yale magazeti. Ilikuwa sahani kubwa ya kauri yenye maua ya buluu.

"Volkmar alinipa baada ya mazishi," akasema. "Marlis hakuziweka pete kwenye chombo kingine. Leo zikae hapa, kesho iende na Antje. Sina kingine cha mdogo wangu cha kumpa."

Gerlinde aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa na wino wa magazeti, akaiosha polepole, maua yakang'aa. Lakini aiweke wapi ikauke? Hapakuwa na nafasi hata ya kijiko. Akatoka nje na kuisimamisha juu ya ukuta mfupi kando ya mlango, juani, akarudi mbio maana sufuria ilikuwa inavuma. Furaha ilikuwa imemlevya. Siku yoyote nyingine ya mwaka sahani ingekauka pale kwa amani.

Mara Antje akaingia kwa mlango wa nyuma na Henning, mchumba wake, kijana mrefu anayeinama kila mlangoni hata pasipohitajika. Antje akafika jikoni, akasimama. Alimwona mama yake mkubwa pale ambapo hakuwahi kumwona, amepakaa unga hadi kwenye nyusi. Aliona pete kila mahali. Akachukua moja, akauma, sukari ikamdondokea kidevuni, akafumba macho.

"Ndizo," akasema, mdomo umejaa. "Gerlinde. Ndizo zenyewe."

Gerlinde akageukia sinki akajifanya anatafuta kitambaa. Moyoni alikuwa anamshukuru kila mtu anayemjua, walio hai na waliokufa, na Marlis wa kwanza kabisa.

Ndipo nje kukasikika sauti ya mzee Pagel, jirani wa upande wa pili, ambaye husikia kwa tabu na kwa hiyo husema kwa nguvu: "Mungu awape heri, watoto!" Na kishindo. Halafu kishindo kingine kizito zaidi, na makofi.

Gerlinde alijua kabla ya kufika mlangoni. Uani kulikuwa na watu kama ishirini, na toroli tupu la mzee Pagel, lililoleta choo cha kukalia cha kauri kilichotolewa bafuni kwake, sasa kimevunjika na watu wanakishangilia. Mbele ya ngazi kulikuwa na vigae vya kila aina. Ukuta ulikuwa mtupu. Kilichoachwa kando ya mlango siku ile ni cha kuvunjwa, hata mtoto anajua, na mzee Pagel alikuwa amechukua kilichokuwa karibu ili ajipashe moto kabla ya choo.

Kati ya vigae vyeupe kulikuwa na maua ya buluu.

Antje akapita, akainama, akaokota kipande. Alikigeuza mkononi. Makofi yakafifia, kwa kuwa uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hii ni sahani ya mama," akasema.

Mzee Pagel hakusikia maneno, lakini uso aliusoma, akavua kofia. Gerlinde alifungua mdomo, na kabla hajatoa neno Roswitha alishafika mbele.

"Ndiyo, ya mama yako," Roswitha akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nimeiweka pale mimi. Kila nyumba leo imeleta chombo. Mama yako peke yake asilete?"

Mwanamke mmoja akafuta macho kwa ncha ya shali. Ulikuwa uongo mzuri, mzuri kuliko ukweli, na kila mtu aliuamini hapohapo. Gerlinde alimtazama Roswitha. Rangi ilikuwa imemtoka mama wa watu, mkono umeshika ukuta. Kitu chake cha mwisho cha mdogo wake kilikuwa chini vipandevipande, na alichofanya ni kumsitiri yeye. Gerlinde angeweza kunyamaza, na mambo yangekwisha vizuri.

"Si kweli," akasema. "Niliiweka mimi. Niliiosha nikaiweka juani ikauke, nikasahau leo ni siku gani. Mama yako mkubwa ananisitiri, na sitasahau wema huu maisha yangu yote. Lakini iliyoipoteza sahani ni mikono yangu hii. Antje, sikuwahi kuvunja hata kikombe cha mama yako. Miaka yote. Nilikuwa mwangalifu sana, na leo..."

Akajifuta uso kwa aproni.

Antje alikuwa bado ameshika kile kipande. Alimtazama Gerlinde, akaangalia nywele zilizomganda usoni kwa mvuke, aproni yenye madoa, alama nyekundu ya kuungua kwenye kifundo cha mkono. Henning alikuwa ameshachukua ufagio na kizoleo tayari kwa kazi, maana ndiyo zamu yao. Antje akamnyang'anya vyote viwili. Ufagio akabaki nao. Kizoleo akampa Gerlinde.

"Shika."

"Siwezi. Hii ni kazi yako na Henning."

"Hapana, hapana!" mzee Pagel akapiga kelele, safari hii ameelewa. "Bwana na bibi harusi tu! Mwingine haruhusiwi!"

"Mzee Pagel," Antje akasema, "wewe umeshavunja vya kutosha leo."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kikawafunika wawili wale. Antje akachuchumaa mbele ya Gerlinde, akasema taratibu, "Si wanasema unayefagia naye ndiye utakayeishi naye kwa shida na raha? Sasa mimi nyumba hii nimefagia na nani?"

Gerlinde akatikisa kichwa.

"Nilikuwa nasema ahsante kwa supu. Ahsante kwa soksi, ahsante kwa kunipeleka kwa daktari. Nilifundishwa adabu, na wewe ndiye uliyenifundisha." Antje akapangusa pua kwa mkono wa blauzi mpya. "Sikuwahi kusema ahsante kwa kuja. Ungeweza usije. Nani anataka mtoto wa mtu, na baba asiyeongea, na mapazia yale? Ukaja. Ahsante kwa kuja, Gerlinde."

Akaanza kufagia. Gerlinde alipiga magoti kwenye mawe, akakiegemeza kizoleo chini kwa mikono yote miwili.

"Na mimi sasa?" Henning akauliza, mikono mitupu, katikati ya ua.

"Wewe njoo huku ule," Roswitha akamwita kutoka mlangoni, na tayari alikuwa na pete mkononi na machozi hajayafuta. "Zamu yako utaipata. Vyombo ni vingi."

Antje alifagia upande mmoja, kisha wa pili. Vipande vya buluu viliingia na vya kina Pagel pamoja, hakuvichagua. Kizoleo kikajaa, kikawa kizito, Gerlinde akataka kuinuka nacho akashindwa. Antje akashika ncha ya pili, wakainuka pamoja.